Kabla ya Dripu ya Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wangu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kuwaona watoto wenu, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu mnaovishwa kofia leo, hongereni sana. Mmesota, na leo ni siku yenu.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie maadili ya kazi yetu ya uuguzi. Mengi mmeshafundishwa darasani na mitihani mmeifaulu. Mimi nimekuja na jambo moja tu, ambalo limenikaa kifuani kwa miaka tisa, na ningependa mlijue kabla hamjapangiwa wodi.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa wodi ya saratani, zamu ya asubuhi. Tulikuwa na binti wa miaka 29, mwalimu wa chekechea kutoka Morogoro, saratani ya titi. Mama yake alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa miguuni, chupa ya uji pembeni, ana kanga mbili: moja amejifunga, nyingine amemfunika mwanawe miguu, kwa sababu dripu ile ikishaanza kuingia mwili unasikia baridi. Binti alikuwa mchangamfu. Dawa inashuka tone kwa tone, yeye anakata picha za wanyama kwenye magazeti ya zamani, za kubandika ukutani atakaporudi darasani. Siku ya mzunguko wa nne wa dawa, nilipomaliza kumwekea, yule mama alinifuata mpaka kwenye sinki la kunawia mikono. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Nesi, mwanangu huu mwezi wa tatu hajaziona siku zake. Hii dawa ikiisha, zitarudi?"

Nilijua anauliza nini. Nilijua pia kwamba kati ya dawa tulizokuwa tunamwekea ilikuwemo saiklofosfamaidi, na kwamba dawa hiyo inaposaka seli za saratani huyala na mayai ya uzazi. Nilisoma hayo chuoni kama mlivyosoma ninyi. Nikamjibu: "Tumwombe Mungu, mama."

Kumwomba Mungu ni haki yake na yangu. Lakini siku ile nililitumia jina la Mungu kufunika maneno ambayo nilipaswa kuyasema miezi mitatu nyuma, siku binti alipokuja na faili lake jipya na kuniuliza kama nywele zitanyonyoka. Nywele nilimwambia. Kichefuchefu nilimwambia. Vidonda vya mdomoni, homa, kuepuka matunda yasiyooshwa, vyote nilimwambia. Uzazi sikuugusa.

Alipona. Wengi wa umri wake hedhi hurudi baada ya miezi kadhaa, yake haikurudi. Baada ya miaka miwili alikuja kliniki, ana miaka 31, ameshachumbiwa, na usiku anaamka amelowa jasho kama mama wa miaka 50. Daktari alishampa majibu ya vipimo. Alipotoka chumba cha daktari alinikuta kwenye korido, akanisalimia vizuri tu, kwa heshima zote, kisha akaniuliza: "Dada, mlikuwa mnajua?"

Nilimwambia ndiyo.

Hilo ndilo nililokuja nalo.

Niwarudishe kidogo kwenye fiziolojia, kwa sababu jambo lote limesimama hapo. Mtoto wa kike akiwa na miezi mitano tumboni ana mayai yapatayo milioni sita mpaka saba kwenye ovari zake, vile vifuko vya mayai. Akizaliwa yamebaki milioni moja au mbili. Akivunja ungo yako kama laki tatu mpaka laki nne. Katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 hivi. Mengine yote hunyauka kimyakimya, kila mwezi, awe mjamzito, awe anameza vidonge vya uzazi wa mpango, awe amelala. Hakuna jipya linaloongezwa. Mwanaume anatengeneza mbegu kila siku mpaka uzeeni. Mwanamke alipewa akiba yake yote siku moja. Yai lililokuzaa wewe uliyekaa hapo mbele lilianza kuumbwa mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako.

Kwa hiyo mwanamke wa miaka 38 ana mayai ya miaka 38. Ngozi anaweza kuitunza, moyo anaweza kuuimarisha kwa mazoezi, lakini mayai yana umri wake, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyokosea kugawanya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi. Ndiyo maana mimba za miaka 40 na kuendelea hushika kwa shida na huharibika zaidi. Kizazi chenyewe hakichoki upesi hivyo. Mtakumbuka habari ya Novemba 2023, mama wa miaka 70 aliyejifungua mapacha kule Kampala. Watu walishangaa, mahubiri yakahubiriwa. Yule mama alipandikizwa mimba iliyotokana na mayai ya mwanamke mwingine. Kizazi kilikuwa chake, yai lilikuwa la mtu kijana.

Sasa kemo, yaani dawa za saratani kama zile za binti yule, inafanya kwa majuma kazi ambayo umri ungeifanya kwa miaka. Mionzi ya nyonga inafanya hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, na hao ndio wagonjwa wetu wa saratani ya shingo ya kizazi. Kiasi gani kitaharibika kinategemea dawa, dozi na umri. Msichana wa miaka 20 ana akiba kubwa, anaweza kuchomwa dawa zote na bado akabakiwa na mayai, ingawa machache kuliko wenzake, na huenda hedhi yake ikakoma mapema. Mwanamke wa miaka 40 mara nyingi hatoki na kitu.

Na hapa ndipo kugandisha mayai kunapoingia. Najua wengi mnapolisikia neno hilo mnawaza wasanii wa Marekani kwenye Instagramu. Mimi nilikuwa hivyo pia, mpaka nilipoingia kwenye maabara ya uzazi mjini Nairobi, mwaka juzi, nikaona kwa macho yangu.

Mtaalamu wa pale, kijana mpole, aliniachia darubini. Yai la mwanadamu ni seli kubwa kuliko nyingine zote mwilini, lakini ukubwa wenyewe ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukichonga penseli vizuri ukagusa karatasi mara moja, umeshachora ukubwa wake. Limezungukwa na utando mnene unaong'aa kama pete. Linatulia kabisa. Nilikaa nikiliangalia mpaka akaniuliza kama niko salama.

Kisha akanionyesha linakohifadhiwa. Mitungi yenyewe inafanana na yale madebe ya maziwa yanayobebwa kwenye pikipiki kule Kiambu, ila hii ina kuta mbili na ndani yake kuna naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Alipofungua kifuniko ukungu mweupe ulimwagika chini sakafuni, ukapita juu ya viatu vyetu. Akatoa kijiti cha plastiki, chembamba, ncha yake nyembamba kama unywele uliobapa, na ubavuni kimeandikwa namba kwa wino usiofutika. Kwenye ncha ile, mayai matatu. Akakirudisha haraka. 

Kazi hii iliwasumbua wataalamu muda mrefu. Yai limejaa maji, na maji yakiganda polepole hufanya chembe za barafu zenye makali, zinalichana yai kwa ndani. Mtoto wa kwanza kutokana na mbegu za kiume zilizogandishwa alizaliwa miaka ya 1950. Kwa yai ilibidi kusubiri mpaka 1986, Christopher Chen wa Adelaide, Australia, alipotangaza mapacha waliotokana na mayai yaliyogandishwa, na hata baada ya hapo kwa miaka mingi wachache sana waliweza kurudia alichofanya. Mlango ulifunguka pale walipoacha kugandisha polepole. Siku hizi yai huwekwa kwenye kimiminika kinachonyonya maji yake, kisha hutumbukizwa kwenye naitrojeni mara moja, kwa kasi ambayo barafu haipati nafasi ya kujijenga. Badala ya kuwa barafu linakuwa kama kioo. Masashige Kuwayama wa Japani ni mmoja wa walioifanya njia hii iwe kazi ya kila siku ya maabara. Oktoba 2012 chama cha Marekani cha madaktari wa uzazi kiliondoa neno "majaribio" kwenye huduma hii. Zaidi ya miaka kumi sasa. Mtu akikuambia wodini kwamba haya ni mambo ya majaribio, mjibu kwa adabu.

Mgonjwa anapitia nini? Anachomwa sindano za homoni chini ya ngozi ya tumbo, kila siku, siku kumi mpaka kumi na mbili, ili mayai mengi yapevuke mwezi mmoja badala ya moja. Kila baada ya siku mbili tatu anapigwa ultrasaundi. Yakishakomaa anapewa sindano ya mwisho, na baada ya saa 36 hivi analazwa kwa dawa ya usingizi mwepesi, daktari anapitisha sindano ndefu kupitia ukeni akiiongoza kwa ultrasaundi, anayavuta mayai. Dakika ishirini. Jioni anarudi nyumbani. Tumbo linaweza kujaa na kuuma. Wachache ovari huvimba kupita kiasi, na hao ndio mtakaowaona dharura wakihema, kwa hiyo msiwachukulie kama wenye gesi. Siku atakapoyahitaji, mayai huyeyushwa, kila moja linachomwa mbegu moja ya mume kwa sindano, na kiinitete kinachopatikana, yaani mimba changa, hupandikizwa kwenye kizazi.

Angalieni muda: wiki mbili. Zamani ilibidi kusubiri hedhi ndipo uanze. Kwa wagonjwa wa saratani siku hizi huanza siku yoyote ya mwezi. Na kwa saratani ya titi inayochochewa na homoni, huongezewa kidonge cha letrozoli ili kuizuia estrojeni, homoni ya kike, isipande wakati mayai yanakuzwa. Wiki mbili tu. Ninyi mtafanya kazi hospitali zetu, mtaona mgonjwa akikaa wiki tatu anasubiri maabara itoe majibu ya vipokezi, ya kuonyesha kama saratani yake inachochewa na homoni, anasubiri zamu ya upasuaji, anasubiri ndugu wachange. Muda upo. Unapita huku hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa na kazi.

Nitawapa kisa kimoja, kwa sababu kinatugusa. Mwaka 2015 madaktari wa Brussels, wakiongozwa na Isabelle Demeestere, walieleza habari za msichana aliyezaliwa Kongo, upande wa Brazzaville, mwenye siko seli. Alihamia Ubelgiji akiwa na miaka 11, na ugonjwa wake ulikuwa mkali hivyo wakaamua kumpandikiza uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa kaka yake. Lakini kabla ya kupandikiza uboho mpya lazima uue ule wa zamani kwa kemo nzito. Msichana alikuwa hajafikisha miaka 14, hajaanza hedhi, kwa hiyo hakuna mayai yaliyopevuka ya kuvuna. Walichofanya, walimtoa ovari ya kulia, wakaigandisha vipande vipande. Ovari iliyobaki ilikufa kwa dawa, kama walivyotarajia. Miaka kumi ikapita. Alipokuwa mkubwa akataka mtoto, wakaviyeyusha baadhi ya vile vipande wakamrudishia. Hedhi ikaanza. Novemba 2014, akiwa na miaka 27, alijifungua mtoto wa kiume, mimba aliyoishika mwenyewe nyumbani kwake.

Fikirieni kuna mtu aliyekaa na mtoto wa miaka 13, mtoto anaumwa maumivu ya mifupa, na mtu huyo akawaza kuhusu mjukuu. Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na siko seli kila mwaka. Na upandikizaji wa uboho kwa watoto hao umeshaanza nchini, kule Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ni habari njema kupita kiasi. Wasichana wale wanapona, wanakua, na siku moja mmoja wao atasimama kwenye korido amuulize muuguzi swali nililoulizwa mimi.

Mtasema: dada, haya yote ni fedha, nasi wagonjwa wetu wanakosa nauli. Ni kweli. Huduma hii ni mamilioni ya shilingi, kisha kuna ada ya kuhifadhi kila mwaka, na bima mara nyingi haigusi. Sitawadanganya. Lakini nataka niwaambie kwa nini mimi nilinyamaza, kwa sababu nimejichunguza. Nilimwangalia yule mwalimu nikajiambia: hana hela. Nikajiambia pia: hajaolewa, mayai ya nini? Nikamfungia mlango kabla hajaufikia, na sikujua hata kama alikuwa na mjomba, na kiwanja, na chama cha walimu. Baadaye alikuja kuniambia kaka yake angeuza pikipiki mbili siku hiyo hiyo. Inawezekana zisingetosha. Lakini ilikuwa yao kuamua.

Kuna mwanamke wa China anayejulikana kwa jina la Xu Zaozao. Mwaka 2018, akiwa na miaka 30, alikwenda hospitali moja ya Beijing kutaka kugandisha mayai yake. Alikataliwa kwa sababu hana mume, na mhudumu akamshauri aolewe azae mapema. Alifungua kesi, 2024 akashindwa rufaa ya mwisho. Niliposoma habari ile sikuweza kumlaumu mhudumu wa Beijing. Maneno yake yalikuwa yangu, tofauti ni kwamba yeye aliyasema.

Sasa niseme na upande wa pili, maana najua baadhi yenu hapa, na dada zenu, na pengine walimu wenu, hamuumwi chochote, ila mnaona miaka inakwenda. Kazi haijatulia, shule inaendelea, mwanaume wa maana hajatokea. Na matangazo yameanza kuwafikia: gandisha mayai, ishi bila wasiwasi. Facebook na Apple zilitangaza 2014 kuwalipia wafanyakazi wao mpaka dola 20,000 kwa huduma hii, na tangu hapo dunia nzima inaizungumzia kama bima ya maisha.

Si bima. Bima ukipata ajali unalipwa. Yai lililogandishwa ni nafasi, na nafasi ina tarakimu zake, anayeuza huduma bila kuzitaja anakuibia. Chuo kikuu cha New York walifuatilia wanawake 543 waliogandisha mayai na baadaye wakarudi kuyatumia. Wastani wa umri wao wakati wa kugandisha ulikuwa miaka 38. Waliopata mtoto walikuwa asilimia 39. Hiyo ni hospitali kubwa, yenye kila kifaa, na bado zaidi ya nusu walirudi mikono mitupu. Lakini wale waliogandisha kabla ya miaka 38, na wakawa na mayai 20 au zaidi ya kuyeyusha, asilimia 70 walipata mtoto. Umeona tofauti? Umri wa siku ya kugandisha na idadi ya mayai ndivyo vinavyobeba yote. Na mayai 20 kwa wengi hayapatikani kwa mzunguko mmoja. Ni mizunguko miwili au mitatu, na kila mmoja unalipiwa upya. Wa miaka 42 akiambiwa na kliniki kwamba hajachelewa, amuulize daktari: kwa mayai yangu, kwa umri wangu, wangapi kati ya 100 wamebeba mtoto? Akikwepa, anyanyuke.

Kuna na hatari nyingine ambayo haitajwi. Machi 2018 mtungi mmoja wa naitrojeni uliharibika katika kituo cha uzazi Cleveland, Ohio, kengele ya tahadhari ikiwa imezimwa, na mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikapotea kwa usiku mmoja. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika na magari ya kukwama tuna haki ya kuuliza: naitrojeni inatoka wapi, nani analala hapa usiku, mtungi ukivuja simu inapigwa kwa nani?

Na tuache kuwasema wasichana kwamba wamechelewa kwa kuringa. Marcia Inhorn, mtaalamu wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, alizungumza na wanawake 150 wa Marekani na Israel waliogandisha mayai. Watu walidhani watakuta wanawake wanaokimbilia vyeo. Asilimia 85 hawakuwa na mwenza. Walikuwa wanasubiri mtu aliye tayari kuwa baba. Nadhani hata hapa Dar es Salaam ukiuliza kwa upole utasikia hivyo hivyo. Nyumba ngapi tunazijua ambako mke ametembezwa kwa waganga miaka saba, mume hajapima mbegu hata mara moja? Shida ya uzazi kwa karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika ina mkono wa mwanaume ndani yake. Na kwa wanawake wetu wengi tatizo ni mirija iliyoziba kwa magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa mapema. Hao kuwatibu kisonono na klamidia wakiwa na miaka 20 kungewasaidia kuliko mtungi wowote wa naitrojeni. Hilo tunaliweza leo, kwa dawa iliyopo kwenye kabati.

Dini nayo itaulizwa, na ni lazima mjue cha kujibu. Kwa Waislamu, Dar al-Ifta, taasisi ya Misri inayotoa fatwa, ilitoa fatwa mwaka 2019 kuruhusu mwanamke kugandisha mayai yake kwa masharti: yatumike ndani ya ndoa kwa mbegu za mume wake tu, yalindwe yasichanganyike na ya mtu mwingine. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa 2008, lilisema kugandisha mayai kwa ajili ya kutungisha mimba nje ya mwili hakukubaliki. Mgonjwa atakwenda kwa shehe wake au padri wake, na huko tumwache aende. Kazi yetu ni kwamba aende akiwa na swali lake mkononi, mapema, si baada ya mzunguko wa nne.

Narudi wodini, maana huko ndiko mnakokwenda Jumatatu.

Wengi wa mtakaowahudumia hawataweza kugandisha. Bado kuna ya kusema nao. Ipo sindano ya goserelini, inachomwa mara moja kwa mwezi, inazilaza ovari wakati wa kemo. Utafiti uliotolewa 2015 kwa wanawake wenye saratani ya titi isiyochochewa na homoni ulionyesha ovari zilikufa kwa asilimia 8 ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 22 ya wasiochomwa. Haifikii kugandisha, lakini famasi nyingi zinazohudumia wagonjwa wa saratani ya tezi dume wanayo dawa hiyo hiyo. Msichana anayekwenda kwenye mionzi ya nyonga anaweza kusogezewa ovari juu, kwa upasuaji mdogo, zikwepe mwale. Na wavulana! Kijana wa miaka 17 mwenye saratani ya korodani au ya damu anahitaji chumba chenye mlango unaofungika na kikopo kisafi, basi. Mbegu zake zigandishwe. Ni rahisi mara kumi kuliko kwa dada yake, na bado hatuwaulizi, kwa sababu tunaona haya.

Msiogope pia kwamba mimba baada ya saratani ya titi itamuua. Niliambiwa hivyo nikiwa mwanafunzi, nikawaambia wengine. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti wa nchi nyingi: wanawake 516 walisimamisha dawa za kuzuia homoni kwa muda wa kama miaka miwili ili watafute mimba, karibu theluthi mbili walijifungua, na kwa miaka michache waliyofuatiliwa saratani haikuwarudia zaidi ya wasiosimamisha. Wanaendelea kufuatiliwa.

Kwenye wodi yangu, ukurasa wa kwanza wa faili la kemo, chini ya mstari wa mzio wa dawa, tumeongeza mstari kwa mkono: "Ameulizwa kuhusu kupata watoto baadaye? Nani amemuuliza? Tarehe." Hakuna aliyetuamuru. Tulianza wauguzi wawili, sasa tuko wote, na madaktari wamezoea kuangalia kama umejazwa kabla hawajasaini dawa.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja msichana wa miaka 19, limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ameletwa na shangazi yake kutoka Singida. Nilivuta pazia, nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza kama angependa siku moja kuwa na watoto. Aliangalia kwanza mlango, kisha mimi. Akasema watatu. Nikamweleza yote, tarakimu zote, bei zote. Shangazi akatoka nje kupiga simu, akakaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alitingisha kichwa. Tulimchoma goserelini kwa sababu ndiyo iliyopatikana.

Jumanne asubuhi nilipokwenda kumwekea dripu ya kwanza, alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaniambia: "Sista, jana nimewaza majina."

Nikamuuliza ni yapi. Akanitajia yote matatu huku nikitafuta mshipa.